Hiyo Siyo Eko

Jumamosi iliyopita, mazoezi ya kwaya huku Mwanga, Kigoma, mwalimu alininyooshea kidole na kusema, "Kaka, ongeza eko." Nikainama kwenye ubao wangu wa pedali, vile visanduku vya kubadili sauti ya gitaa vinavyokanyagwa kwa mguu, nikazungusha kitufe cha eko. Akakunja uso. "Siyo hiyo. Eko!" Nikazungusha cha pedali ya pili yake. "Enhee! Hiyo hiyo."

Aliyoitaka ni riverbu. Mwalimu hana kosa la peke yake. Mpiga besi wetu husema hivyo, fundi mitambo husema hivyo, na mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniuzia pedali ya "eko" iliyosafiri siku mbili kwenye basi mpaka Kigoma, nikaifungua na kukuta ni riverbu tupu. Kwa hiyo leo naandika, ili nikiulizwa tena niwe natuma tu.

Maana yenyewe ni fupi. Eko, ambayo kwenye pedali nyingi za gitaa huitwa dilei, ni sauti yako inayorudi ikiwa nzima baada ya muda fulani, mara moja au mara kadhaa, na unaitambua kuwa ni ile ile. Riverbu ni marudio maelfu yaliyobanana kiasi kwamba sikio haliwezi kuyatenganisha, unabaki unasikia mkia mmoja unaofifia. Eko unaweza kuihesabu. Riverbu huwezi.

Wenye fizikia ya sekondari wanakumbuka kipimo cha mita 17. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 17 mbele yako hukurudishia kelele baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo ndipo vitabu husema sikio linaanza kusikia sauti mbili. Kwa gitaa linalocharazwa kwa kasi sikio hutenganisha mapema zaidi ya hapo, lakini hesabu inasaidia. Ukiiweka pedali ya eko kwenye milisekunde 500, umejijengea ukuta mita 85 mbele yako. Anayeishi kwenye mji uliozungukwa na vilima kama huu hahitaji mchoro. Honi ya treni ikipigwa stesheni usiku uliotulia, unaisikia, kisha unaisikia tena kutoka upande ambao treni haipo. Hiyo ndiyo eko. Sasa ingia kanisani kukiwa hakuna mtu, piga kofi moja. Hakuna kofi la pili linalorudi. Kuna kitu kinabaki kinaelea juu ya vichwa, kisha kinaisha. Hiyo ndiyo riverbu.

Na Kiswahili kilishazitenga sauti hizi kabla pedali haijatufikia, ndiyo maana nakereka. Mwangwi ni ile inayogonga mlima na kurudi. Lakini hakuna Mswahili anayesema ngoma "inaleta mwangwi" ikipigwa ndani ya nyumba. Husema inarindima. Mrindimo haurudi kutoka kokote, umejaa pale pale ulipo. Tulikuwa na maneno mawili, tukaagiza vifaa viwili, tukaviita vyote kwa jina moja la kigeni.

Jina lenyewe lina hadithi. Eko ni Kigiriki. Katika visa vya kale vya Wagiriki, Eko alikuwa binti msemaji sana aliyemkera mungu wa kike Hera, akaadhibiwa asiweze tena kuanzisha neno lake, abaki akirudia maneno ya mwisho ya wengine. Tazama jinsi inavyoingia kwenye pedali: haianzishi chochote, inarudia, na mara nyingi kinachosikika wazi ni ile tamati uliyoiachia nafasi. Ukiendelea kucharaza bila kupumzika, marudio yanafunikwa na noti mpya. Anayeijua eko hupiga kidogo na kunyamaza.

Riverbu imetoka upande mwingine kabisa. Ni Kilatini, reverberare, yaani kupiga kitu kikarudi nyuma, na ndani yake kuna verber, mjeledi. Sauti inachapwa na ukuta huu, inakwenda kuchapwa na ule, na dari, na sakafu, hadi nguvu inaisha. Neno moja limebeba binti anayerudia, lingine limebeba viboko. Sijui tunawachanganyaje.

Kwa kweli najua. Angalia vile vikuza sauti vya bei nafuu tunavyokodi kwenye harusi na mikutano. Mbele kuna kitufe kimoja kimeandikwa ECHO, na ndicho kila mtu aliyeshika maikrofoni huomba kiongezwe, awe mshereheshaji au mhubiri. Kizazi kizima kimejifunza kwamba chochote kinachofanya sauti isiwe kavu kinaitwa eko. Na wenye Kiingereza chao hawana mikono safi pia. Kabla ya pedali, studio za Marekani na Uingereza zilikuwa na vyumba vitupu vyenye kuta ngumu. Spika inawekwa upande mmoja, maikrofoni upande mwingine, na sauti ya chumba inachanganywa na ya mwimbaji. Mwaka 1947 huko Chicago fundi Bill Putnam alitumia bafu kwa kazi hiyo hiyo. Vyumba hivyo viliitwa vyumba vya eko, ingawa vilichokuwa vinatoa ni riverbu. Kosa tumelirithi, hatukulibuni.

Lakini watengenezaji wa vifaa walijua. Mfano ninaoupenda ni Roland RE-201, mashine ya Kijapani ya mwaka 1974. Ndani yake mna mkanda wa sumaku unaozunguka: kichwa kimoja kinarekodi, vichwa vingine mbele yake vinasoma, na muda wa mkanda kusafiri kutoka kichwa hiki hadi kile ndio eko. Kando kabisa, ndani ya sanduku hilo hilo, mna springi za chuma. Sauti inatikisa springi upande mmoja, inaenda na kurudi ikigongana yenyewe, inatoka upande wa pili ikiwa mrindimo. Springi hizo zilianzia kwa wahandisi wa simu wa Bell waliotaka kuigiza ucheleweshaji wa laini ndefu, kisha Laurens Hammond akazitia kwenye vinanda vyake. Basi RE-201 ina kitufe cha kiasi cha eko na kitufe cha kiasi cha riverbu. Viwili, kwenye sanduku moja. Kama zingekuwa kitu kimoja wangeokoa gharama ya kitufe.

Kutoka mkanda tukaja kwenye kitu kidogo zaidi, na hapa nachepuka kidogo kwa sababu ni uvumbuzi unaonikumbusha moto unavyozimwa kijijini. Mwaka 1969 watafiti wa Philips, Uholanzi, Sangster na Teer, walitengeneza sakiti yenye safu ya vihifadhi chaji vinavyopokezana umeme hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Wenyewe waliipa jina la msafara huo wa ndoo. Sauti inaingia mkono wa kwanza, inatoka mkono wa mwisho ikiwa imechelewa. Na kama ilivyo kwa ndoo, njiani kuna kinachomwagika: marudio hupoteza ung'avu, kila moja limefifia kuliko lililotangulia. Wapo wanaoitafuta pedali ya eko ya analogi, yaani yenye sakiti ya namna hiyo, kwa sababu ya mmwagiko huo tu. Mwaka 1983 kampuni ya Boss ikatoa DD-2, eko ya kidijitali ndani ya pedali ndogo, nayo hurudisha karibu maji yote.

Tofauti hii inaonekana zaidi unapopanga ubao, na hapo ndipo "ongeza eko" inapogeuka hasara.

Ubao wangu nilichongewa na seremala wa Gungu. Mninga. Nilijuta siku ya kwanza kuubeba, lakini haupindi. Pedali zimeshikwa na velkro, ile ya viatu vya watoto, na waya za kuunganishia ni fupi kwa makusudi, maana waya mrefu hula sauti za juu. Umeme ni volti 9, hasi katikati, na kila pedali ya kidijitali ina tundu lake kwenye adapta. Ukizilisha zote kutoka kwenye waya mmoja wenye matawi utasikia mvumo ambao si eko wala riverbu.

Mpangilio wa kawaida wengi mnaujua: tyuna, wah, kompresa, overdraivu, korasi, eko, riverbu, amplifaya. Swali ninaloulizwa ni kwa nini hizi mbili zinakaa mwisho. Overdraivu, ile pedali inayokwaruzisha sauti, haitendi haki kwa sauti mbili zinazoingia pamoja. Huzisaga. Ukiweka eko kabla yake, noti mpya na noti inayorudi zinaingia kinuni pamoja, zinatoka unga mmoja, na marudio ambayo yangepaswa kufifia yananyanyuliwa tena. Riverbu kabla ya overdraivu ni mbaya zaidi, ule mkia wote unapandishwa hadi usawa wa noti yenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa kutaka. Wewe fanya ukitaka, usifanye kwa kutojua.

Ila kati ya eko na riverbu zenyewe, ipi itangulie? Hapa nitawaudhi wenzangu wanaogombania jambo hili kama mpaka wa shamba. Kihesabu, eko safi na riverbu safi, ukizipangua, matokeo ni yale yale, kama tatu mara tano na tano mara tatu. Tofauti huja pale pedali mojawapo inapofanya zaidi ya kuchelewesha: mkanda unaoyumba, eko inayokwaruza kidogo, au sauti inayogawanywa kushoto na kulia. Mimi riverbu naiweka mwisho kwa sababu nyepesi, kwamba amplifaya nyingi zina riverbu yake ndani, kwa hiyo mguu wangu umeshazoea kuifikiria mwisho.

Sasa rudi kwenye kwaya. Sisi wa Kigoma tumekulia kwenye muziki unaovuka ziwa. Mpiga solo wa sebene akiweka eko fupi iliyopatana na mdundo, gitaa moja linasikika mawili: noti inatoka, mwenzake anaijibu katikati ya nafasi. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, nusu yake 250, na ile robo tatu inayopendwa ni 375. Hesabu hizo zina maana kwa eko kwa sababu eko ina saa. Ukimpa mpiga sebene riverbu ndefu badala yake, noti zake nane za haraka zinalaliana, unapata uji. Na ukimpa mwimbaji wa tenzi za polepole eko yenye saa pale alipohitaji riverbu, kila "Bwana" atasikika kama wanagombana mabwana watatu.

Kuna jambo jingine ambalo pedali haiwezi kukuambia. Chumba tayari kina riverbu yake. Wallace Sabine wa Harvard alipewa kazi mwaka 1895 ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilibaki likisikika kama sekunde 5.5. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani usiku, akapima kwa bomba la kinanda na saa, akagundua kwamba vitu laini hunywa sauti, na miili ya watu ni miongoni mwavyo. Kanisa letu ni bati, plasta na saruji. Jumamosi tukiwa ishirini, lenyewe linarindima bila msaada wa mtu. Jumapili watu mia tatu na vitenge vyao wanaunywa mrindimo wote, na riverbu niliyoiona nyingi jana inakuwa imekauka. Kwa hiyo kipimo cha riverbu cha Jumamosi ni cha uongo. Kipimo cha eko hakibadiliki: 375 ya jana ni 375 ya leo, hata kanisa lijae mpaka milangoni.

Baada ya mazoezi nilimwendea mwalimu, wengine wakikunja waya. Nikamwambia kwa heshima, "Mwalimu, ukitaka neno liondoke lirudi, niambie eko. Ukitaka libaki kidogo hewani, niambie riverbu, au hata mrindimo, nitaelewa."

Akafikiri. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nimekuelewa kaka. Basi kesho, kwenye ile eko, niongezee mrindimo."

Nikamwambia sawa. Tumeanza.