Karatasi ya Alhamisi: namna ya kuwajulisha wazazi kazi za nyumbani, majaribio na ziara

Mzazi wa mtoto wa shule ya msingi mara chache hukosa taarifa. Anachokosa ni mahali pa kuitafuta. Kazi ya Hisabati imeandikwa nyuma ya daftari, tarehe ya jaribio imepita kwenye kundi la WhatsApp katikati ya "asante mwalimu" thelathini, na habari za ziara mtoto amezitaja huku anavua viatu. Saa 3 usiku ndipo mtu anauliza kundini, "Jamani, kesho wanavaa nini?" Ukiona swali la namna hiyo linarudi kila wiki, usiongeze matangazo. Punguza milango yanakopitia.

Ninachopendekeza ni karatasi moja, inayotoka siku moja, inayokaa mahali pamoja. Mambo yote ya wiki inayofuata yanaandikwa humo. Simu kazi yake ni kukumbusha yaliyokwisha kuandikwa, basi. Tangazo likianzia kwenye simu, aliyebadilisha laini, asiye na simu janja na aliyeishiwa bando wote wameachwa, na wewe huna njia ya kujua ni akina nani.

Karatasi yenyewe iwe nusu ya A4, yaani A5. Darasa la watoto 45 linatumia karatasi 23 za A4 zilizokatwa katikati. Ukurasa mzima una kishawishi chake: nafasi ikibaki utaijaza nasaha za usafi na salamu za muhula, na tarehe ya jaribio itazama humo. Ibandikwe kwa gundi kwenye daftari la mawasiliano, ukurasa unaofuata ule wa wiki iliyopita. Karatasi inayoelea mkobani inakuwa mpira kabla ya kufika nyumbani.

Walimu wengi huipeleka Ijumaa ili mzazi apate wikendi ya kuisoma. Mimi naona Alhamisi ni bora. Mtoto asiyekuwepo Alhamisi ataipata Ijumaa, na mzazi mwenye swali ana siku moja ya kuuliza kabla shule haijafungwa kwa wikendi. Ya Ijumaa ikimkosa mtoto, imemkosa hadi Jumatatu, na Jumatatu kazi ya kwanza imeshafika.

Panga kwa tarehe, usipange kwa somo. Mwalimu hufikiri kwa masomo. Mzazi hufikiri kwa jioni. Karatasi iliyotoka Alhamisi tarehe 5 ingekuwa hivi:

Jumatatu 9: Kusoma kwa sauti, uk. 22, dakika 10. Mzazi: msikilize, weka sahihi.
Jumanne 10: Hisabati, uk. 38, swali la 1 hadi la 6. Mzazi: tazama mfano ulio nyuma ya karatasi hii.
Jumatano 11: Hakuna kazi ya nyumbani.
Alhamisi 12: Jaribio la Hisabati, uk. 41 hadi 56. Mzazi: rula na penseli viwe mkobani.
Ijumaa 13: Mwisho wa kurudisha kipande cha ruhusa ya ziara.

Tazama Jumatano. Ukiiacha tupu, nusu ya wazazi watadhani umesahau na watamsumbua mtoto jioni nzima. "Hakuna" ni taarifa kamili. Tazama pia neno "Mzazi:" linavyosimama pale tu ambapo kuna jambo la kufanya. Anayesoma huku anaepua sufuria ataruka mengine yote na kutafuta neno hilo.

Kuhusu siku na saa, lugha yetu ina mitego miwili. "Jumatano ijayo" ikiandikwa Jumatatu, wapo watakaoelewa keshokutwa na wapo watakaoelewa ya wiki nyingine. Andika siku pamoja na tarehe, kila mara. Mtego wa pili ni saa. "Basi litaondoka saa 8:00" kwa mmoja ni mchana baada ya chakula, kwa mwingine aliyezoea kusoma saa ya simu ni asubuhi. Andika "saa 2:00 asubuhi", na darasa likiwa na wazazi wanaohesabu saa kwa namna ya Kiingereza, ongeza "kwenye simu 08:00". Ni maneno matatu tu, nayo yanazuia mtoto kuachwa na basi.

Kazi ya nyumbani

Kazi ya nyumbani huleta ugomvi kwa mambo mawili ambayo mwalimu huyasahau: muda na njia.

Muda uandikwe. Kuna kanuni inayojulikana sana Marekani, ambayo mtafiti Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke ameieleza mara nyingi: dakika 10 kwa kila darasa, yaani dakika 10 darasa la kwanza, 30 darasa la tatu. Si sheria, lakini inafaa kama dari. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mawasiliano andika hivi: muda ukiisha na kazi haijaisha, mtoto aache, mzazi achore mstari chini ya swali la mwisho na kuandika "aliishia hapa". Mstari huo una faida kuliko kazi iliyokamilika kwa mkono wa kaka yake. Mistari kumi na miwili darasani asubuhi inakuambia kwamba ulilofundisha jana halikuingia.

Kisha njia. Chukua 52 kutoa 37. Darasani watoto wamefundishwa kuhesabu kwenda juu: kutoka 37 hadi 40 ni 3, kutoka 40 hadi 50 ni 10, kutoka 50 hadi 52 ni 2, jumla 15. Nyumbani baba anamwonyesha kukopa: mbili haitoi saba, kopa kwa tano, ibaki nne. Majibu ni yale yale, lakini mtoto sasa ana njia mbili nusunusu, na saa moja baadaye anakopa kwenye hesabu isiyohitaji kukopa. Baba hana kosa, hakuna aliyemwambia. Kila unapoanza njia mpya, chapisha mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua nyuma ya karatasi ya Alhamisi, na chini yake sentensi moja: "Wiki hii tunatumia njia hii tu." Mfano mmoja unatosha. Mitatu inageuka somo, na mzazi hakuja kusoma.

Majaribio

Taja jaribio wiki moja kabla, na useme linapima nini kwa maneno ya kitendo. "Sehemu" peke yake haimsaidii mtu. "Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kwa mfano 1/2 + 1/3" inamwezesha dada wa darasa la sita kumjaribu mdogo wake mezani. Tofautisha pia jaribio la dakika 20 na mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa wazazi wengi vyote viwili ni mtihani, na neno hilo likitoka bila maelezo mtoto hanyimwi mchezo tu, ananyimwa na usingizi.

Matokeo yana makosa zaidi kuliko tangazo. Baya kuliko yote ni kupiga picha orodha ya majina na alama na kuitupia kundini. Mtoto wa mwisho sasa anajulikana na nyumba 44, na picha hiyo haifutiki kwenye simu za watu hata ukiifuta kwako. Alama za mtoto ni za mzazi wake tu. Peleka karatasi yake nyumbani ndani ya daftari, na irudi kesho yake ikiwa na sahihi.

Juu ya karatasi usiishie kwenye 14/20. Watoto wawili wenye 14 wanaweza kuwa na shida tofauti kabisa: mmoja kapoteza alama zote 6 kwenye hesabu za maneno na nyingine zote kapata, mwenzake kakosea moja hapa moja pale kwa haraka. Wa kwanza anahitaji kusaidiwa kusoma swali, wa pili anahitaji kurudia kukagua. Maneno matano yanatosha: "Hesabu za maneno, swali 15–20." Kwa watoto 45 hiyo ni kazi ya kama nusu saa, maana unaandika wakati unasahihisha, huanzi upya.

Ziara

Hapa ndipo taarifa ikikosea inaumiza, kwa hiyo sitaharakisha.

Barua ya ziara itoke wiki tatu kabla, na kipande cha ruhusa kirudi wiki moja kabla. Wiki ile ya mwisho si ya kusubiri vipande. Ni ya kuhesabu viti, kupanga wasimamizi na kuwapigia simu ambao hawajajibu. Ukiruhusu vipande virudi asubuhi ya safari, utakuwa mlangoni pa basi ukibishana na mtoto anayeapa kwamba mama amekubali.

Barua ya ziara ni A4 nzima. Theluthi mbili za juu ni za mzazi kubaki nazo. Theluthi ya chini inakatwa na kurudi. Kosa la kawaida ni kuandika saa ya kuondoka, nguo na namba ya simu kwenye kipande cha chini. Mzazi anasaini, anakikata, anakirudisha, na taarifa yake yote imeondoka na mkasi. Kosa pacha ni kuchapisha pande mbili: mzazi akikata kipande cha mbele anakata na theluthi ya nyuma. Nyuma iachwe tupu.

Juu ziwepo saa ya kuondoka, saa ya kurudi na mahali pa kumpokea mtoto, mavazi na viatu, kitu cha kula na maji kama vinahitajika, namba moja ya simu itakayopatikana siku hiyo, na mtoto asiyekwenda atakaa darasa gani. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo linalomfanya mzazi asiyeweza kuchangia amfiche mtoto nyumbani siku hiyo. Kama kuna mchango, kiasi na tarehe ya mwisho vikae mstari mmoja, pamoja na maneno "mwenye shida aniambie, tutazungumza wawili".

Kwenye kipande, weka "naruhusu" na "siruhusu" vyote viwili, vyenye visanduku. Bila "siruhusu" huwezi kutofautisha mzazi aliyekataa na kipande kilichopotea. Namba mbili za simu za watu watakaopokea siku ile, si namba za wakati wa kuandikishwa. Ugonjwa, mzio, dawa na saa ya kuinywa. Nani atampokea mtoto kama kurudi ni baada ya masomo. Ruhusa ya picha iwe na kisanduku chake peke yake; ukiifunga pamoja na ruhusa ya safari, asiyetaka mwanawe apigwe picha atalazimika kumzuia kusafiri.

Siku yenyewe orodha iwe nakala mbili, moja ndani ya basi na nyingine shuleni kwa mtu atakayepokea simu. Mkichelewa zaidi ya dakika 15, tuma saa mpya. "Tutachelewa kidogo" haina saa, na mzazi aliyesimama getini anaijaza mwenyewe kwa hofu yake.

Simu, na wasiosoma

Kundi la WhatsApp liwekwe ili viongozi wa kundi peke yao ndio waandike. Wazazi wataona umewabana, lakini tangazo litabaki chini ya skrini badala ya kufukuzwa juu na shukrani. Unaweza pia kulibandika juu ya kundi kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Siku 7 zinalingana na karatasi. Ukipendelea orodha ya matangazo badala ya kundi, kumbuka kwamba ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hudhani wamepuuzwa kumbe hawakuihifadhi.

Kwa SMS, ujumbe mmoja una herufi 160. Ukiweka emoji moja zinashuka hadi 70, na ujumbe unakatika vipande na kukugharimu mara mbili au tatu. Jambo linalowashangaza watu ni kwamba alama ya ng' iliyopinda, ile ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, inafanya vile vile. Tumia iliyonyooka, au chagua neno lingine. Ujumbe huu una herufi 149 pamoja na nafasi:

Darasa la 4. Jaribio la Hisabati Alhamisi 12. Kurasa 41-56. Alete rula na penseli. Karatasi itakuja nyumbani Jumatatu 16, irudi na sahihi Jumanne 17.

Kwa mzazi asiyesoma, au bibi anayelea wajukuu na macho yamechoka, tuma sauti isiyozidi sekunde 40, na tarehe iwe neno la kwanza. Sauti haitafutiki, kwa hiyo karatasi inaendelea kwenda hata kwake. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ana mpango uitwao TIPS, ambao kazi ya nyumbani inamtaka mtoto amweleze mtu wa nyumbani alichojifunza na kumuuliza kitu. Kazi ya namna hiyo mara moja kwa wiki inamfanya bibi huyo awe na habari za darasa bila kusoma mstari.

Mwisho ni rejista. Chora safu tatu pembeni ya majina: imetoka, imesainiwa, imepigiwa simu. Ijumaa asubuhi pitisha macho kwenye madaftari wakati watoto wanasoma kimya. Ni dakika tano. Jina lisilo na sahihi wiki mbili mfululizo linapigiwa simu wiki hiyo hiyo, na swali la kwanza lisiwe "kwa nini husaini" bali "karatasi inakufikia?" Mara nyingi utakuta mtoto sasa analala kwa shangazi, na daftari linafunguliwa na mtu ambaye hujawahi kumwandikia.