Hakuna Anayejizaa: Dhana Potofu Kuhusu Kuzaliwa Mara ya Pili

"Nilifuatisha sala ya toba, kwa hiyo nimezaliwa mara ya pili." Kila baada ya mkutano wa injili kauli hii hurudi, na mwaka mmoja baadaye wasemaji wale wale huja kwa mchungaji wamechanganyikiwa: sala niliisema, jina likaandikwa kwenye kadi, nikaambiwa "hongera, umeokoka", mbona sioni kitu? Dhana hii imerudiwa mno, na inaumiza watu. Kwa hiyo nitaitolea nafasi kubwa, na dhana nyingine nitazipitia kwa haraka.

Tuanze na sarufi, maana Kiswahili chenyewe kinatosha kuibomoa. Mama huzaa, mtoto huzaliwa. Hakuna mtoto aliyewahi kujizaa, wala kukubali kuzaliwa, wala kutia sahihi kwamba azaliwe. Kigiriki cha Yohana 3 kiko vivyo hivyo: kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Soma aya ya 7 polepole: "Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Hapo hakuna amri. Yesu anamweleza Nikodemo, mwalimu wa Wayahudi, jambo ambalo lazima afanyiwe, na ndiyo maana aya inayofuata inazungumzia upepo uvumao upendako. Yohana 1:13 ilikwisha kukata mzizi wa fitina: watoto wa Mungu hawakuzaliwa kwa damu, wala kwa mapenzi ya mwili, wala kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu. Yakobo 1:18 inasema "alituzaa", na 1 Petro 1:3 inasema vilevile. Mtendaji katika aya zote hizi ni mmoja.

Amri zipo, ila ni za mambo mengine. "Tubuni, na kuiamini Injili" (Marko 1:15) ni amri, na mtu huitii au huikataa. Kutubu na kuamini ni vyetu kufanya, ingawa hata hivyo tunavifanya kwa neema. Kuzaliwa upya ni kazi ya Roho Mtakatifu. Wanateolojia wamebishana kwa karne nyingi kuhusu kinachotangulia: wanaomfuata Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, husema Roho humzaa mtu kwanza, naye ndipo huamini, wanaomfuata Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, husema mtu huamini kwa neema inayomtangulia, ndipo Mungu humzaa. Shika upande wowote uutakao, lakini elewa kwamba hakuna upande unaosema maneno ya sala ndiyo yanayozaa.

Basi sala hii ya kufuatisha ilitoka wapi? Mitume hawakuwa nayo. Siku ya Pentekoste watu walipouliza "tutendeje?", Petro aliwajibu watubu na kubatizwa (Matendo 2:38). Katika miaka ya 1830 huko Marekani, mhubiri Charles Finney alizoeza watu desturi ya kuwaita wanaosumbuliwa na dhamiri waje kukaa kwenye benchi la mbele waombewe. Katika karne ya 20 mikutano mikubwa na vijitabu vya uinjilisti vikafupisha jambo zima likawa sala ya sentensi nne tano inayosomwa au kufuatishwa. Aya inayopendwa kuitetea ni Ufunuo 3:20, "nasimama mlangoni, nabisha". Soma barua yote. Inaandikiwa kanisa la Laodikia, watu ambao tayari walikuwa wakikusanyika kwa jina la Kristo.

Sisemi sala ni mbaya. Mtoza ushuru katika mfano wa Yesu alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Mtoto naye hulia anapozaliwa, na mkunga hufurahi kukisikia kilio. Lakini hakuna mkunga anayedhani kilio ndicho kilichomzaa mtoto, na hakuna anayecheza sauti ya kilio kwenye simu akatangaza kwamba mtoto amefika.

Makosa yanayotokana na dhana hii ni ya aina mbili, na yanawapata watu wa tabia zinazopingana. Mmoja ni yule asiye na toba wala imani, ambaye kila akihojiwa anaonyesha ile tarehe kwenye kadi. Ametulizwa kabla ya kuamshwa, na ni vigumu sana kumhubiria mtu huyo tena. Kumbuka Simoni mchawi katika Matendo 8: aliamini kwa jinsi ilivyoonekana, akabatizwa, kisha Petro akamwambia, "Huna fungu wala huna sehemu katika jambo hili." Mwingine ni mwenye dhamiri nyepesi. Huyu huenda mbele kila mkutano, anaokoka Machi, anaokoka tena Agosti na mkesha wa mwaka mpya, kwa kuwa anadhani sala ya mwanzo ilikosewa: hakulia, neno moja lilimpita, moyo wake haukuwa pale. Anaichunguza sala badala ya kumtazama Kristo aliyeombwa.

Kwa wanaowahudumia watu baada ya mahubiri, fanyeni hivi. Msimtangazie mtu "sasa umezaliwa mara ya pili"; hamna macho ya kuliona hilo katika dakika tano. Muulizeni ameelewa nini kuhusu dhambi yake, Kristo alifanya nini msalabani, na kwa nini anamhitaji yeye. Akijibu kwa kukariri, rudini nyuma mfundishe. Ombeni naye kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa ya kukwama. Kisha mpeni waraka wa 1 Yohana, sura tano, sura moja kwa siku, na siku ya sita kaeni naye. Waraka huo uliandikwa kwa ajili ya swali hili hasa (5:13). Unataja alama za aliyezaliwa na Mungu: anatenda haki (2:29), hadumu katika dhambi (3:9), anapenda (4:7), anaamini kwamba Yesu ni Kristo (5:1), anaushinda ulimwengu (5:4). Hakuna hata alama moja inayohusu sala aliyoitamka siku fulani. Naupendekeza waraka huu kuliko kitabu chochote cha mafunzo ya waongofu wapya, na sijaona sababu ya kubadili.

Dhana ya pili, kwamba jambo lenyewe ni kuzaliwa tena kwa hesabu tu, inatokana na tafsiri. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "mara ya pili" katika Yohana 3:3 ni anothen, lenye maana mbili: upya, na kutoka juu. Yohana analitumia tena katika 3:31 kwa "ajaye kutoka juu", na katika 19:23 kwa kanzu ya Yesu iliyofumwa "tangu juu". Nikodemo alishika maana ya kwanza tu. Katika aya ya 4 anatumia neno jingine kabisa, deuteron, ambalo maana yake ni mara ya pili kwa hesabu, ndiyo maana akafikiria tumbo la mama. Katika Biblia ya Union maneno yote mawili yameandikwa "mara ya pili", kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hawezi kuona pale Nikodemo alipopotoka. Kuzaliwa huku kunahesabiwa kwa chanzo chake, yaani juu, kwa Mungu. Na "maji na Roho" ya aya ya 5 isomeni pamoja na Ezekieli 36:25-27, maji safi ya kunyunyizwa, moyo mpya, roho mpya. Ndiyo maana Yesu alimshangaa mwalimu wa Israeli asiyeyafahamu hayo.

"Wakatoliki na Waanglikana hawaamini kuzaliwa mara ya pili." Si kweli. Wanaamini, na wanafungamanisha kuzaliwa huko na ubatizo. Justin Shahidi, mwandishi Mkristo wa kale, karibu mwaka 155, tayari aliitumia Yohana 3 kuueleza ubatizo. Ibada ya ubatizo katika Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662 inasema waziwazi kwamba mtoto aliyebatizwa amezaliwa upya, na Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 inanukuu Tito 3:5 kwa jambo hilo hilo. Wabaptisti na wengi wa Wapentekoste hawakubali. Ukipinga, bisha na Wakatoliki na Waanglikana kwa hoja, usiwasingizie.

"Kuzaliwa mara ya pili ni dhehebu la Walokole." Neno mlokole limetoka Kiganda, balokole, waliookoka, jina la watu wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi wao walibaki katika makanisa yao yale yale.

"Asiyenena kwa lugha hajazaliwa." Paulo aliuliza, "Wote hunena kwa lugha?" na jibu analolitarajia ni hapana (1 Wakorintho 12:30). Hata Assemblies of God, kanisa la Kipentekoste, hufundisha kwamba lugha ni ishara ya ubatizo wa Roho, jambo wanalolitofautisha na kuzaliwa upya.

"Lazima ujue tarehe." Wesley aliijua yake, 24 Mei 1738. Timotheo aliyajua maandiko tangu utoto, akarithishwa imani na Loisi na Eunike, na siku yake haitajwi popote. Anayeishi hana haja ya kuonyesha cheti cha kuzaliwa ili tujue kwamba yu hai.

"Aliyezaliwa mara ya pili hatendi dhambi kabisa." Hii imewafanya watu waaminifu wakae miezi bila kushiriki Meza ya Bwana. Katika 1 Yohana 3:9 kitenzi cha Kigiriki kiko katika wakati wa kuendelea, mwenendo wa mtu, na waraka huo huo ulikwisha kusema kwamba tukidai hatuna dhambi twajidanganya (1:8), na kwamba mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba (2:1). Zisome kwa mpangilio alioziandika Yohana, sura ya 1, ya 2, ndipo ya 3.