Mama mwenyeji, baba mgeni: mifupa ya pwani imesema nini

Tukiwapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, swali la kwanza huwa la vishimo vya mviringo kwenye nguzo za makaburi. Humo ndimo mafundi walimopachika sahani na mabakuli ya kaure ya Kichina. Swali la pili huja kwa sauti ya chini: "Mwalimu, waliozikwa hapa ni Waarabu au ni sisi?"

Wakoloni waliandika kwamba aliyejenga miji ya pwani kwa mawe lazima alitoka ng'ambo. Wanaakiolojia, kwa kufukua vigae vya vyungu, wakaonyesha kuwa miji hiyo ilichipuka kutoka vijiji vya wenyeji. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Kilwa na Songo Mnara kwetu Tanzania, Mtwapa na Manda huko Kenya.

Joto na unyevu wa pwani huharibu vinasaba upesi, kwa hiyo watafiti hukimbilia jino, au ule mfupa mgumu kama jiwe uliohifadhi sikio la ndani. Hutobolewa, na unga wake kiduchu huchanganywa na dawa hadi vinasaba vitoke. Anayefanya kazi hiyo huvaa barakoa na glavu, na si kwamba anaogopa maiti: tone la mate yake linaweza kuvuruga jibu zima.

Vinasaba vya mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zinazotoa nishati, mtoto huvipata kwa mama tu, na kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa wengi wa watu wale, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba ulielekea Asia, hasa Uajemi; asili ya India nayo ilikuwemo kidogo. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya 1500.

Kumbe wazee wa Kilwa hawakuwa wakipiga porojo! Husimulia kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi, mji wa Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, na wengine huongeza kuwa alimwoa binti wa mwenyeji aliyemwuzia. Mimi navutiwa zaidi na huyo binti. Watoto walilelewa na mama na bibi, na nadhani ndiyo maana leo tunazungumza lugha ya Kibantu badala ya Kiajemi. Wanafunzi huwa nawajibu: hao ni bibi zenu, pamoja na waume zao.

Ila mifupa mingi iliyopimwa ni ya wenye uwezo, waliozikwa kwenye makaburi ya heshima. Mvuvi aliyezikwa pembeni hayumo, basi mtu asiutumie utafiti huu kumpimia jirani yake Uswahili.

Vinasaba hivyohivyo hubeba na maradhi. Utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kilizuka kwa mtu mmoja, miaka 7,300 hivi iliyopita. Kilienea kwa kuwa anayekirithi upande mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtoto huugua akikipokea pande zote mbili, ingawa hapa mjini bado utasikia mawifi wakiulaumu ukoo wa mama peke yake. Wachumba wanaokwenda kupima damu kabla ya ndoa waende wote wawili, kwa sababu majibu ya bibi harusi tu hayatoshi.