Bikoni kabla ya greda: tunavyoipangia Mwanza usafiri wa miaka 20 ijayo

Siku moja asubuhi nilikuwa Busisi, ng'ambo ya Daraja la Magufuli, nimeinama kwenye matuta ya viazi vitamu natafuta bikoni, ile alama ya wapima ardhi inayosimikwa chini. Mwenye shamba alinitazama kwa muda, jembe begani, kisha akauliza kama nimedondosha kitu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Nikamweleza kwamba kwenye ramani niliyoshika, mstari wa barabara unapita hapa hapa aliposimama. Akataka kujua inajengwa lini. Nikamjibu kwamba inaweza kuwa miaka 15 na inaweza kuwa 20.

"Sasa mbona umewahi hivyo?"

Swali hilo naulizwa hata na wahandisi wenzangu. Mimi ni mpangaji wa usafiri, na watu wengi hudhani kazi yangu ni kutabiri foleni, kama mtu wa hali ya hewa. Kutabiri ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni kuhakikisha kwamba siku njia itakapohitajika, itakuwa bado haijajengwa nyumba.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 706,453 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji wa Mwanza, kwa pamoja. Ya 2022 ikakuta 1,104,521. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 4.5 kwa mwaka, na mji ukienda kwa mwendo huo unajizidisha mara mbili kwa miaka 15 au 16. Kwa hiyo mtoto anayeanza darasa la kwanza leo, akifika umri wa kutafuta kazi atakuwa anagombania daladala na watu mara mbili ya waliopo sasa. Barabara kuu yenyewe, kuanzia wazo, usanifu, fidia, fedha hadi lami, inaweza kula miaka kumi bila mtu yeyote kuzembea. Ukisubiri foleni ndiyo ikukumbushe, umeshachelewa.

Mwanza ina ugumu wake pia. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mawe. Mji ukalazimika kunyooka kufuata barabara tatu: Makongoro inayopita Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege, Nyerere inayopita Mabatini, Buzuruga na Igoma kuelekea Musoma, na Kenyatta inayopita Igogo, Mkuyuni na Nyegezi kuelekea Shinyanga. Zote zinakutana mjini kati. Ni kama nyumba ambayo kutoka chumba kimoja kwenda kingine lazima ukatishe sebuleni, hata kama wageni wamekaa. Mtu wa Mkuyuni mwenye kazi Nyakato hana haja yoyote na mjini, lakini mara nyingi daladala itampitisha huko, ashuke, apande nyingine, alipe nauli mara ya pili.

Ndiyo maana mimi nazipenda zaidi barabara za kuunganisha, zile zinazokata nyuma ya vilima, kama ya Buhongwa hadi Igoma, au ile ya Usagara hadi Kisesa inayoyawezesha malori ya Shinyanga kwenda Musoma bila kugusa mji. Hazina sifa wala picha nzuri za kalenda. Lakini kilomita moja ya barabara ya namna hiyo huenda ikapunguza msongamano mjini kati kuliko kupanua kilomita kadhaa za barabara kuu. Ukipanua barabara kuu peke yake, wenye magari waliokuwa wakiikwepa wanarudi, wengine wanajenga mbele zaidi kwa kuwa njia sasa ni nyepesi, na baada ya miaka michache foleni iko palepale, imenenepa tu.

Tunajuaje watu wanakwenda wapi? Kwa kuhesabu na kuuliza. Nimewahi kukaa Mkuyuni kuanzia saa 12 asubuhi na vijana wanne, kila mmoja na karatasi na kalamu: vijiti vinne, cha tano kinavikata, na kila baada ya dakika 15 unaanza mstari mpya. Haisi, bajaji, bodaboda, lori, baiskeli, kila kimoja na safu yake. Baadaye tunavigeuza vyote kuwa kipimo kimoja cha gari dogo: lori zito linasimama badala ya magari mawili au zaidi, bodaboda ni kipande tu cha gari. Hapo ndipo penye mtego. Kwa kipimo hicho Haisi iliyoshona abiria inakuwa karibu sawa na gari la mtu mmoja anayesikiliza redio. Ukipanga kwa kuhesabu magari, utayapangia magari. Siku hizi naanza kwa kuhesabu vichwa, na nalazimisha iwepo safu ya waendao kwa miguu, maana mara nyingi ndio wengi kuliko wote. Kijana mmoja aliniambia safu hiyo imemchosha mkono, akaomba tubadilishane, yeye ahesabu malori.

Baada ya hapo kompyuta inafanya hatua zake nne: kila mtaa unazalisha safari ngapi, safari hizo zinaishia wapi, watu wanatumia chombo gani, na wanapitia njia ipi. Sitawachosha. Ila programu haijui mambo ambayo mgeni angeyaona kwa siku moja. Haijui kwamba nyumba ya Isamilo iliyo mita 300 kutoka lami inaweza kuwa mita 300 za kupanda mawe na ndoo kichwani. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye vilima vyetu zimewasaidia watu hao kuliko makutano mengi ya gharama.

Haijui pia ziwa vizuri. Kwenye ramani za kompyuta maji huwa ni doa la bluu lisilopitika, wakati Mwaloni Kirumba alfajiri ni stendi kamili: mitumbwi ya visiwani, magunia ya dagaa, mikokoteni, bodaboda zinasubiri. Mpango wa muda mrefu usio na gati ndogo ndogo kwa Mwanza ni nusu mpango. Na gati hizo zisanifiwe kwa ziwa linalopanda, kama lilivyotuonyesha mwaka 2020 na tena 2024, pamoja na magugumaji.

Sasa turudi kwenye lile shamba la viazi. Daraja la John Pombe Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 19, 2025. Zamani safari ya kuvuka, ukijumlisha kusubiri kivuko, iliweza kula saa mbili. Sasa ni dakika chache. Maana yake, kwa mara ya kwanza Mwanza ina mlango wa magharibi usiofungwa, na mashamba ya Sengerema yameanza kuwa pembezoni mwa mji, hata kama wilaya yenyewe haijajua. Mpango kabambe tulionao, wa 2015 hadi 2035, umeshavuka katikati na unahusu Nyamagana na Ilemela. Usagara iko Misungwi, Kisesa iko Magu, Busisi iko Sengerema. Mji hausomi mipaka.

Kuhusu upana wa njia: Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 kila upande hadi 30. Zile mita 7.5 zimezaa alama nyingi za X ukutani, nyekundu kwa asiyelipwa, kijani kwa anayestahili fidia. Waliopita Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017 waliona nyumba nzuri zikigeuka kifusi kwa ajili ya hifadhi. Mimi sioni ushujaa wowote katika bomoabomoa. Nyumba ikishasimama juu ya njia, mpangaji ameshashindwa, awe na sheria au asiwe nayo.

"Na nikitaka kumjengea kijana wangu hapa?" mama aliuliza.

Hilo ndilo swali gumu. Mstari kwenye ramani bila fedha ni kumfunga mtu mikono kwenye ardhi yake kwa miaka 20. Msimamo wangu, na si wote ofisini wanaoupenda, ni kwamba njia inunuliwe mapema, kwa bei ya shamba la viazi, kabla haijawa bei ya nyumba ya wageni. Mwenye shamba alipwe, na kama hakuna kinachojengwa bado, aendelee kulima kwa makubaliano ya maandishi. Nilimweleza hivyo. Alisema maneno ni mazuri, ila yeye angependa kuona hela.

Bikoni tuliipata mchana. Mtu alikuwa ameing'oa siku nyingi, akaiegemeza kwenye mlango wa banda la kuku usifunguke usiku. Tukaanza upya kupima kutoka bikoni ya pili.