Mgomba si mti

Wengi husema "mti wa ndizi", na kwa macho huwezi kuwalaumu: mgomba unaweza kupita mita 5. Lakini mti una ubao, mgomba hauna. Siku ya kuvuna mkungu utaona mwenyewe. Panga linazama kwa pigo moja au mawili, maji yanachuruzika, na pale ulipokatwa kuna duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu. Hizo ni ala za majani zilizoviringana zikabanana. Shina halisi ni tunguu lililo ardhini, linalotoa machipukizi pembeni.

Kwa hiyo wataalamu huuweka mgomba kwenye mimea isiyo na ubao, kwa Kiingereza "herb", pamoja na mchicha na tangawizi. Jina hilo halimaanishi dawa za mitishamba (kosa la kila siku hili), wala udogo, wala kuishi msimu mmoja. Mgomba uliozaa hufa, tunguu likaendelea. Vibanja (mashamba ya migomba) vya Wahaya kule Kagera hurithishwa mzazi kwa mtoto.

Mbaazi ni fupi kuliko mgomba, lakini ina ubao. Vijiti vyake huwashwa jikoni. Jaribu kuwasha mgomba mbichi!