Chai ya asubuhi Waffle House: jinsi dereva wa semi anavyokula bila kuliwa na saa

Madereva wenzangu wa semi (yale malori makubwa ya trela) huku Marekani, hasa nyie mliopata CDL, leseni ya malori, juzijuzi na mmeanza kupewa mizigo ya kusini, swali mnaloniuliza kuliko yote sio la mabroka wala bei ya dizeli, ni la tumbo. Asubuhi nile wapi, nile nini, na huo muda nautoa wapi. Leo naongelea chai ya asubuhi tu, na naongelea Waffle House tu, kwa sababu kabla sijaingia barabarani nilikuwa nyuma ya lile bamba lao la kukaangia, shifti ya usiku, kwa hiyo jiko lile nalijua kwa upande wa mpishi na siku hizi nalijua kwa upande wa mteja.

Msimamo wangu ni huu: ukiwa safarini, pa kula asubuhi ni pale unapoona chakula chako kinavyopikwa na unajua kabisa utatoka saa ngapi. Utamu unakuja baada ya hayo mawili.

Kwa ambao hamjakutana nayo, ni ile migahawa yenye bango la njano lenye herufi nyeusi, kila herufi na kiboksi chake, unaiona karibu kila exit ukishaingia Georgia, Alabama, Tennessee, Carolina zote mbili, Florida ya juu. Wako zaidi ya 1,900 kwenye majimbo kama 25 hivi, na Georgia ndo nyumbani kwao, ofisi kuu iko Norcross. Walioanzisha ni majirani wawili, Joe Rogers na Tom Forkner, mwaka 1955 pale Avondale Estates nje kidogo ya Atlanta, na ule mgahawa wa kwanza sasa hivi ni makumbusho. Rogers alikuwa mtu wa migahawa, Forkner mtu wa nyumba na viwanja. Wote wamefariki 2017, wamepishana wiki chache tu. Ukiwa California au New York usihangaike kuutafuta, haupo.

Sasa saa. Saa ndo mshahara wetu kwa hiyo hapa nisikilizeni vizuri. Ukishamaliza mapumziko yako ya saa 10, ile dakika unayobonyeza on duty (niko kazini) kwenye tableti ya ELD, kile kifaa kinachorekodi saa zetu, dirisha la saa 14 linafunguka na halisimami, ule usile, upige simu usipige, linatembea tu (naiacha pembeni ile mbinu ya kugawa usingizi, hiyo ni mada yake), na ndani ya hizo 14 una saa 11 tu za kuendesha. Kijana anaamka saa 11 alfajiri, anakagua gari, anaingia barabarani na njaa yake, baada ya saa moja na nusu tumbo linagoma, anatoka exit, anazunguka kutafuta paking, anaingia, anakula, anarudi, hapo dakika 50 zimeshayeyuka ndani ya dirisha na hawezi kuzirudisha. Jioni anakuwa amebakiza maili kumi na tano kufika kwa mteja na saa imeisha. Halafu anajifariji kwamba angalau ile break ya dakika 30 ameshaichukua. Hapana! Sheria inataka hiyo break kabla hujapitisha saa 8 za kuendesha bila kukatiza, sasa wewe umekatiza kwenye saa moja na nusu, umebakiwa na saa tisa na nusu za kuendesha, na tisa na nusu ni zaidi ya nane, kwa hiyo ukitaka kuzimaliza zote utasimama tena dakika 30 nyingine. Umelipa mara mbili.

Dawa yake ni ndogo tu, kula ukiwa bado off duty, yaani hujaingia kazini. Waffle House hawafungi, saa 24 siku zote za mwaka hata Krismasi, kwa hiyo ukiamka saa 10 usiku wapo, saa 11 wapo. Unaamka, unaosha uso, unatembea kwenda kula, unarudi, ndo unabonyeza on duty na kuanza kukagua matairi. Ile chai haijagusa hata dakika moja ya dirisha lako.

Na nimesema unatembea kwa makusudi. Usije ukapeleka trela la futi 53 kwenye paking yao, zile paking nyingi ni za magari madogo, kona zake fupi, ukingo wa zege uko juu, na ukishaingia kutoka ni shughuli. Unachofanya ni kupanga usiku wa kuamkia: unapotafuta pa kulala angalia kituo cha malori, Pilot, Love's au TA, ambacho exit hiyohiyo ina Waffle House upande wa pili wa barabara, ziko nyingi sana kwenye I-75, I-85, I-20, I-65 na I-10. Usilaze gari kwenye uwanja wa duka la jirani eti ni dakika 20 tu, watu wa kuvuta magari wanajua saa za chai kuliko wewe, na bili ya kuvutwa kwa semi inaweza kumeza faida ya mzigo mzima.

Ukiingia ndani utaona ni padogo, meza chache dirishani na kaunta yenye stuli, jiko liko wazi mbele yako. Ukiwa peke yako kaa kaunta. Unahudumiwa haraka na unaona kila kitu, na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kitu kilichonifanya niipende ile kazi.

Mhudumu akishachukua oda yako anaenda kusimama sehemu maalum kwenye sakafu, karibu na mpishi, na anaita kwa sauti. Lazima asimame pale, akiita akiwa anatembea mpishi hapokei. Anaita kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Kwanza "pull", hizo ni nyama zote, mpishi anazitoa kwenye friji na kuzitandaza kwenye bamba kwa sababu ndo zinachukua muda mrefu. Halafu "drop", hivyo ni viazi, anavimwaga. Mwisho "mark", ndo anataja oda moja moja ilivyo, na mpishi hasomi karatasi, anaweka alama kwenye sahani. Alama zenyewe ni vile vipakti vya kawaida ambavyo viko mbele yako muda wote. Anachukua sahani tupu, anaweka pakti ya jemu upande wa chini: hayo ni mayai ya kuvuruga. Pakti ya haradali ikiwa imeangalia juu ni chopsi ya nguruwe, pakti ileile ikigeuzwa kifudifudi ni ile hemu yao ya chumvi nyingi. Kitu gani kimewekwa, kimekaa upande gani wa sahani, kimeangalia juu au chini, vyote hivyo ni taarifa. Wenyewe mfumo huu wanauita Magic Marker. Asubuhi watu wamejaa utakuta sahani kumi na mbili zimepangwa mbele ya mpishi, kila moja na vipakti vyake, na yeye anaangalia mara moja tu anajua huyu anataka yai jicho la juu, yule omleti ya chizi, yule mwingine hataki nyama. Mhudumu mpya anafundishwa kuita, mpishi mpya anafundishwa kuweka alama, na anayezipanga vibaya anaharibu oda za watu watatu kwa mkupuo. Mimi mpaka leo nikikaa pale nazisoma zile sahani bila kutaka, najua ya kwangu iko ya ngapi, na kwa kuzihesabu tu najua kama nitatoka kwa dakika 15 au 25.

Kwa hiyo na wewe toa oda kwa mpangilio wao: nyama kama unakula, halafu viazi, halafu mayai na tosti. Ukianza na mayai halafu baada ya dakika tatu ukakumbuka soseji, umemlazimisha mpishi arudi mwanzo, mayai yako yatakusubiri yakipoa.

Viazi vyao ni vya kukuna, vinakaangwa vikiwa vimetandazwa kwenye bamba, na vina lugha yake ambayo ukiijua unaongea sentensi moja na kila mtu anakuelewa. Ukisema "scattered" wanavitawanya vikauke na kuwa kahawia, na mimi nawashauri hivyo kila siku maana vikirundikwa vinabaki laini katikati. "Smothered" ni vitunguu, "covered" ni chizi, "diced" ni nyanya, "peppered" ni pilipili za jalapeño, "capped" ni uyoga, "chunked" ni vipande vya hemu, "topped" ni chili yao ya nyama, "country" ni rojo la soseji. Unachanganya unavyotaka. Mimi ni scattered, smothered, diced, peppered, basi, vitunguu na nyanya na pilipili, mtu wa pwani atanielewa.

Kwa ndugu zangu Waislamu, na wako wengi sana barabarani siku hizi, Wasomali, Wazanzibari, watu wa Mombasa, msikilizeni aliyekuwa ndani. Bekoni, soseji na hemu zote ni nguruwe na zinapikwa kwenye bamba lilelile linalokaanga viazi. Linakwanguliwa kila mara lakini ni lilelile, na asubuhi ya Jumamosi hakuna namna mafuta hayagusani. Mayai ya kawaida yanapikwa kwenye vikaango vidogo juu ya moto wake. Grits inatoka kwenye sufuria yake, tosti inatoka kwenye kitosta, wafo inatoka kwenye mashine yake. Kwa hiyo mayai, grits, tosti na kahawa ni mlo ambao haujapita kwenye bamba, na ukimwomba mhudumu kwa upole kwamba mayai yako yasiguse bamba wala kijiko cha nyama, wanakuelewa, nimepokea oda za namna hiyo mwenyewe na tulikuwa tunachukua kikaango kisafi. Viazi mimi ningeviacha.

Grits kwa asiyeijua ni unga wa mahindi meupe wa chenga, umepikwa ukawa kati ya uji na ugali laini, unatia siagi na chumvi. Mtu aliyekulia kwenye mahindi hana cha kuogopa hapo. Inashibisha na haikuchoshi macho.

Na hilo la macho ni la maana kuliko watu wanavyolichukulia. Ile oda maarufu, All-Star, inakuja na wafo, mayai, tosti, viazi au grits, na nyama juu yake, ni chakula cha mtu anayeenda kulala. Ukimwaga na ile sirapu tamu juu ya wafo halafu ukapanda kwenye kiti saa 12 asubuhi, saa 3 kope zinakuwa nzito na gari pamoja na mzigo ni tani zaidi ya thelathini. Wafo nakula siku nikimaliza shifti. Ya kuanzia siku ni mayai mawili, grits na kahawa nyeusi (kahawa wanakuongezea bure mpaka uweke mkono juu ya kikombe). Halafu kuna kadi yetu ya daktari, ile ya kuonyesha afya yako inakuruhusu kuendesha: presha ikiwa chini ya 140/90 unapewa miaka 2, ikiwa kati ya 140 na 159 kwa ile ya juu au 90 na 99 kwa ile ya chini wanakupa mwaka 1 tu, juu ya hapo ni kizungumkuti. Hemu ya chumvi kila asubuhi inaisogeza hiyo namba taratibu na wewe huoni, nimewaona wenzangu wazuri kabisa wanakalishwa nyumbani kwa ajili hiyo na inaniuma.

Bei siwatajii maana zinabadilika kila jimbo. Februari 2025 mayai yalipoadimika kwa mafua ya ndege waliongeza senti 50 kwa kila yai, wakaja kuitoa Julai.

Msimu wa vimbunga kuna jambo moja zaidi. Craig Fugate, aliyekuja kuwa mkuu wa FEMA (shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga) kuanzia 2009 mpaka 2017, alikuwa anaangalia Waffle House kujua eneo limeumia kiasi gani: menyu nzima ipo ni kijani, menyu imepunguzwa ni njano, wamefunga ni nyekundu. Joplin, Missouri, mwaka 2011 kimbunga cha tornado kilipousambaratisha mji, Waffle House walibaki wazi. Kwetu sisi hii ni taarifa ya barabara. Wamefungua lakini hawana wafo? Mashine ya wafo ni ya umeme, kwa hiyo huenda umeme hakuna na pampu za dizeli za mbele nazo hazisukumi. Jaza hapohapo ulipo kama bado wana, au mpigie dispacha, yule anayekupangia safari, kabla hujaendelea. Wamefunga kabisa? Mwambie dispacha unageuza, na usikubali akubishie kutoka ofisini.

Kulipa unalipa kwenye mashine karibu na mlango, unaenda na karatasi yako. Tipu acha kaunta, pesa taslimu, noti ndogo ndogo tembea nazo. Kima cha chini cha serikali kuu kwa mhudumu anayepokea tipu ni dola 2.13 kwa saa na kiko hapohapo tangu 1991, kampuni nyingi zinaongeza kidogo lakini bado maisha yake yanategemea unachoacha. Asilimia 20, na ukila cha dola 9 usiache dola moja na senti themanini, acha tatu. Yule dada ameamka kabla yako.

Ukiwa owner-operator, yaani gari ni lako mwenyewe, usisahau per diem (posho ya chakula unayoitoa kwenye mapato) wakati wa kodi: dola 80 kwa siku nzima ukiwa mbali na nyumbani ndani ya Marekani, kiwango hicho kimeanza Oktoba 2024, na sisi wa saa za DOT (wizara ya usafirishaji, wenye sheria za saa zetu) tunatoa asilimia 80 yake, yaani dola 64. Risiti za chai sio lazima ukitumia njia hii, kinachotakiwa ni ushahidi wa siku ulizokuwa njiani, kwa hiyo logi zako zishushe kutoka kwenye ELD kila mwezi uzihifadhi, maana ukihama kampuni wanaweza kukufungia akaunti. Ukiwa wa W-2, yaani mwajiriwa wa mshahara, hii haikuhusu, ongea na kampuni kama wanalipa per diem kwenye mshahara.