Kizazi cha kadi ya michoro: maana yake, na namna ya kulinganisha nguvu na bei ya uzinduzi

Kadi ya michoro ni sehemu ya kompyuta inayochora picha za michezo kwenye skrini, na kizazi chake ni ukoo wa kadi zilizojengwa juu ya usanifu mmoja wa chipu na kuingia sokoni katika kipindi kimoja, kwa kawaida miaka miwili hivi. Kwa Nvidia, mmoja wa watengenezaji wa kadi hizo, kizazi hutambulika kwa tarakimu za mwanzo za jina: GTX 1060 ni ya kizazi cha Pascal kilichoanza 2016, RTX 2060 ni ya Turing, RTX 3060 ni ya Ampere, RTX 4060 ni ya Ada Lovelace na RTX 5060 ni ya Blackwell, iliyotoka 2025. Tarakimu mbili za mwisho ni ngazi. 60 ni ya mnunuzi wa kawaida, 70 na 80 ni za juu kidogo, 90 ni ya mwenye fedha za kuchezea. Washindani wake, AMD na Intel, wana mpangilio wao, ila wazo ni hilohilo.

Kwa sababu ya mpangilio huo, watu wengi hulinganisha jina kwa jina: 4060 dhidi ya 3060, 4080 dhidi ya 3080. Hilo lingetosha kama ngazi ya 60 au 80 ingekuwa na maana ileile kila kizazi. Haina. Ngazi ni lebo, na mwenye kiwanda anaweza kuibandika kwenye chipu yoyote anayotaka. Kipimo kisichohama ni fedha: kiasi hiki kilinunua nini mwaka ule, na kinanunua nini sasa?

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitokea Septemba 2022. Nvidia ilitangaza kadi mbili zenye jina RTX 4080, moja ya GB 16 kwa dola 1,199 na nyingine ya GB 12 kwa dola 899. Anayesoma boksi angedhani tofauti ni kumbukumbu tu. Kumbe chipu zenyewe zilikuwa mbili: ya kwanza AD103 yenye viini (vitengo vidogo vya kufanya hesabu) 9,728 na njia ya kumbukumbu, yaani upana wa barabara kati ya chipu na kumbukumbu yake, ya biti 256, ya pili AD104 yenye viini 7,680 na njia ya biti 192. Malalamiko yakawa mengi, na tarehe 14 Oktoba kampuni ikaifuta ile ya GB 12 kabla haijauzwa hata moja. Januari 2023 ikarudi na chipu ileile, viini vilevile 7,680, safari hii ikiitwa RTX 4070 Ti, kwa dola 799. Kilichobadilika ni jina na dola mia moja.

Ngazi ya 60 nayo imehama, ila kimyakimya. Njia moja ya kuona hilo ni kuhesabu viini vya kadi kama sehemu ya chipu kubwa kuliko zote ya kizazi chake. GTX 1060 ilikuwa na viini 1,280, na chipu kubwa ya Pascal kwa kadi za michezo ilikuwa na 3,840, yaani theluthi moja. RTX 3060 ilikuwa na 3,584 kati ya 10,752, theluthi tena. RTX 4060 ina 3,072 kati ya 18,432, yaani sehemu moja ya sita, na RTX 5060 ina 3,840 kati ya 24,576, pungufu ya hapo. Ni kweli kwamba chipu kubwa yenyewe imenenepa, kwa hiyo si haki kusema kadi ya 60 imekatwa nusu. Lakini tazama njia ya kumbukumbu: biti 192 kwa 1060, 2060 na 3060, kisha biti 128 kwa 4060 na 5060. Chipu ya 4060, AD107, ina eneo la milimita za mraba 159, wakati ile ya 3060 ilikuwa na 276. Hiyo ni kadi ya ngazi ya 50 iliyopewa cheo.

Hata hivyo si kadi mbaya, na hapa ndipo hasira za mashabiki hupita mpaka. Inatumia wati 115 badala ya 170, ina kasi ya takriban asilimia 20 zaidi ya 3060 katika mwonekano wa 1080p (skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080), na ilizinduliwa kwa dola 299 wakati 3060 ilizinduliwa kwa 329. Jina limepanda cheo, thamani kwa fedha imepanda pia. Mambo hayo mawili hayapingani.

Hesabu ya gharama kwa fremu

Ukitaka kulinganisha vizazi, gawa bei kwa fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kadi huchora kila sekunde, kisha linganisha dola kwa fremu. Tuchukue ngazi ya 80 katika mwonekano wa 4K, wenye nukta mara nne ya 1080p, na tuseme RTX 3080 inatoa fremu 60 katika mchezo fulani. Bei yake ya uzinduzi, Septemba 2020, ilikuwa dola 699, kwa hiyo kila fremu iligharimu dola 11.65. RTX 4080 ina kasi ya takriban asilimia 50 zaidi, basi fremu 90, lakini ilizinduliwa kwa dola 1,199: dola 13.32 kwa fremu. Kadi mpya, miaka miwili baadaye, na kila fremu imekuwa ghali zaidi. Januari 2024 ikaja RTX 4080 Super yenye kasi karibu ileile kwa dola 999, na gharama ikashuka hadi 11.10. RTX 5080 ya Januari 2025, kwa dola zilezile 999, ina kasi ya takriban asilimia 10 zaidi, hivyo inafika kama dola 10 kwa fremu. Zaidi ya miaka minne imepita, na faida haifiki asilimia 15.

Linganisha na kipindi cha neema. RTX 3070 ya Oktoba 2020, kwa dola 499, ilikaribiana mno na RTX 2080 Ti, kadi ya 2018 ambayo bei yake rasmi ilianzia dola 999. Gharama kwa fremu ilikatwa nusu ndani ya kizazi kimoja. Kizazi kilichotangulia kilikuwa kinyume chake: RTX 2080 ilitoka kwa dola 699 ikiwa na kasi ya GTX 1080 Ti, ambayo mwaka mmoja na nusu kabla ilikuwa imetoka kwa dola 699 hizohizo. Mnunuzi alilipia uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing, mbinu ya kuchora mwanga na vivuli), ambao siku ile karibu hakuna mchezo uliokuwa ukiutumia.

Ukilinganisha kadi zilizoachana kwa miaka mingi, kumbuka pia mfumuko wa bei wa Marekani. Dola 249 za GTX 1060 ya Julai 2016 ni sawa na kama dola 330 za 2025, kwa hiyo RTX 5060 ya dola 299 ni nafuu kuliko inavyoonekana. Na usizidishe asilimia za vipimo tofauti, mfano 20 za mpimaji huyu kwa 25 za yule. Kila mpimaji ana orodha yake ya michezo na prosesa yake. Tafuta kipimo kimoja chenye kadi zote mbili unazozipima.

Bei ya uzinduzi ni nini hasa

Ni bei elekezi ya Marekani kwa toleo la chini kabisa, bila kodi ya mauzo. Haimbani muuzaji. Mara nyingine zilitangazwa bei mbili: GTX 1080 ilikuwa dola 599 kwa kadi za washirika, yaani kampuni zinazounda kadi kwa chipu za Nvidia, na 699 kwa ile ya Nvidia yenyewe, 2080 Ti ilikuwa 999 na 1,199, na zile za 999 zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. RTX 3080 ya dola 699 iliisha siku ya kwanza, na mwaka 2021, wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum walipokuwa wakinunua kila kadi wanayoiona, ilikuwa ikiuzwa zaidi ya maradufu. Bei ya uzinduzi basi inafaa kupima nia ya kampuni. Kwa kuamua utoe fedha au la, weka kwenye ile hesabu bei ya dukani leo. Kwa anayenunua Dar es Salaam ongeza VAT ya asilimia 18, Nairobi 16, pamoja na usafiri, na mara nyingi mpangilio wa kadi hubadilika: iliyokuwa ya pili kwa thamani Marekani inakuwa ya kwanza hapa, kwa sababu tu ipo kwa wingi.

Nguvu ni nini hasa

Idadi ya viini na teraflopu (matrilioni ya hesabu za desimali kwa sekunde) hazifai kulinganisha vizazi. RTX 3070 imeandikiwa teraflopu 20.3, 2080 Ti 13.4, nazo zinakwenda sambamba katika michezo. Sababu ni kwamba Ampere ilibadilisha muundo: sehemu iliyokuwa ikifanya hesabu za namba nzima peke yake sasa inaweza kufanya pia hesabu za desimali, na viini vikahesabiwa mara mbili. Mchezo wenyewe bado unahitaji namba nzima, kwa hiyo sehemu ya nguvu hiyo ya karatasi haifiki kwenye skrini.

Mtego wa pili ni fremu za kubuniwa. Januari 2025, Jensen Huang wa Nvidia alisema jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090. 5070 ina viini 6,144 na GB 12. 4090 ina 16,384 na GB 24. Kilichoziba pengo ni teknolojia iliyokuwa ikitengeneza hadi fremu tatu za kubuni kati ya mbili za kweli. Picha inaonekana laini, lakini kipanya na kibodi bado vinaitikiwa kwa mwendo wa fremu za kweli, na kubuni kwenyewe huongeza ucheleweshaji kidogo. Kama kadi inatoa fremu 25 za kweli, kuona 100 kwenye kona ya skrini hakutaufanya mchezo wa kulenga shabaha uchezeke. Ukiwa na 60 za kweli, ni nyongeza nzuri. Grafu ya mtengenezaji ikichanganya fremu hizo na za kadi ya zamani isiyo nazo, iruke.

Tatu ni kumbukumbu, na hapa wastani wa fremu hudanganya kweli. GB 8 zilikuwemo kwenye RX 480 ya AMD, ya dola 239 mwaka 2016, na bado ndizo zilizomo kwenye RTX 5060. Mchezo ukihitaji GB 10, ziada humwagika kwenye RAM ya kompyuta kupitia PCIe, sloti ambayo kadi huchomekwa kwenye ubao mama. RTX 4060 husoma kumbukumbu yake kwa GB 272 kwa sekunde. Ikitumia njia zake nane kwenye ubao mama wa PCIe 3.0, toleo la zamani la sloti hiyo, inapitisha kama GB 8 tu. Matokeo yake ni mchezo unaokwenda vizuri kisha unakwama nusu sekunde unapogeuka kona, au kuta zinazobaki na ukungu. Wastani unaweza kusoma 70 huku hali ni mbaya. Kwa hiyo tazama safu ya asilimia 1 ya chini, inayoonyesha fremu zilizo nzito kuliko zote, na uone kama mpimaji alitumia PCIe 3.0 au 5.0.

Nne, prosesa. Vipimo hufanywa kwa prosesa bora kabisa ili kadi isizuiwe na kitu. Yako ikiwa i5 ya miaka minane iliyopita, kadi tatu za bei tofauti zinaweza kukupa fremu zilezile. Jipime hivi: shusha mwonekano kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zisipopanda, kinachobana ni prosesa, na kadi mpya haitasaidia.

Kadi za vizazi vya nyuma sokoni

Kompyuta nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki kama mtumba wa ofisi huja na pawa saplai ya wati 180 au 240 isiyo na waya wa pini 6 wala 8 wa kadi. Sloti peke yake hutoa wati 75. Hapo ulinganisho wa vizazi unabaki kwenye kadi chache, kama GTX 1050 Ti, baadhi ya GTX 1650, na RTX 3050 ya GB 6. Ukitumia vigeuzi vya kuchukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, plagi inaweza kuyeyuka, kwani haikuundwa kwa mzigo huo.

RTX 3080 na wenzake wengi waliingia mtumbani baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Chipu kwa kawaida huwa nzima. Kinachochoka ni feni na pedi za kupitisha joto kwenye kumbukumbu. Endesha mchezo mzito dakika ishirini ukitazama joto la kumbukumbu kwa programu ya HWiNFO. Likigonga nyuzi 110, kadi inajipunguzia kasi, na pedi zinahitaji kubadilishwa. Umri wa draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, nao ni sehemu ya bei: tangu Oktoba 2025 kizazi cha Pascal kimebakiwa na masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028.

Halafu kuna majina pacha. GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1,152, si 1,280. RTX 3060 ya GB 8 ina njia ya biti 128, si 192. Na zipo kadi bandia kabisa, hasa za jina la 1050 Ti, zenye chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 na programu ya ndani iliyochezewa ili Windows isome jina la uongo. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kabla ya kulipa: soma jina la chipu, idadi ya viini na upana wa njia ya kumbukumbu, na ukiona neno FAKE limeandikwa mbele ya jina, mrudishie muuzaji kadi yake.